Toa Tisa

Ondari aliitoa soksini karatasi ya kwanza,
Fomu S, imekunjwa mara nne, inanuka mguu.
Jina, namba ya kitambulisho, idara, sahihi.
Asiyejua kuandika akaweka dole,
na wino wetu ulikuwa rangi ya waridi
tunayowapakia watoto juu ya biskuti.

Kiwandani kwetu, nyuma ya Barabara ya Enterprise,
tulikuwa mia mbili na kumi na wawili.
Sheria haitudai tupendane.
Inadai nusu, na mtu mmoja juu yake.
Mia moja na saba.
Hesabu ile nililala nayo, nikaamka nayo,
nikavuka nayo reli alfajiri nikitoka Mukuru,
viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Khavere wa kufungasha alitia sahihi kwa ajili ya vidole viwili
vilivyobaki kwenye mnyororo wa mashine;
kampuni ilimpa pakiti mbili za unga na barua ya pole.
Makokha alitia kwa ajili ya miaka kumi na minne ya kibarua,
kila mwezi wa tatu kufutwa Ijumaa, kuandikwa Jumatatu,
kama mtu anayezaliwa tena na tena na hakui.
Mimi sijui. Nadhani kalamu ilinifikia tu.

Mia moja na tisa!
Tulishangilia chooni, midomo imefumbwa,
mabomba tumeyafungulia maji.

Jumanne zikaja barua tisa.
*Bi. Syombua, tuna furaha kukujulisha
kwamba kuanzia leo wewe ni Msimamizi wa Zamu, Ngazi ya Pili.
Mshahara utabaki ulivyo.*
Na beji ndani ya bahasha, bado ina ubaridi wa duka.

Msimamizi hahesabiki, wakasema; msimamizi ni mtu wa mwajiri.
Haya, toa tisa huku, toa tisa kule:
wamebaki mia mbili na watatu,
nusu na mmoja juu ni mia moja na wawili,
na sahihi zetu ni mia.
Mia kamili. Namba nzuri hivyo,
na haitoshi.

Siku ile wenzangu walikatiza maneno nilipopita.
Khavere alinipangusia kiti.
Heri angenitukana.

Milimani, wakili wa kampuni alikuja na majalada
yamefungwa utepe kama zawadi ya arusi.
Akasoma kifungu, na kifungu kidogo, na aya ya kifungu kidogo,
nami nikatazama viatu vyake: havijawahi kuvuka reli.
Jaji, mama wa miwani inayoteleza, akanigeukia.
"Shahidi, unamsimamia nani?"
Wakili akainuka. Jaji akamkalisha kwa kidole.
Nikapekua kichwa changu chote nitafute mtu.
"Mheshimiwa, tanuri."
"Nalo hukutii?"
"Likipenda."
Watu wakacheka, karani akagonga meza,
mimi nikaona aibu, maana sikuwa nimetania.

*Uamuzi utatolewa kwa notisi.*
Masika yamepita, vuli imepita,
notisi haijapata njia ya kufika.
Ondari wamemhamishia ghala la magunia,
huko anahesabu sukari na panya.
Ada ya chama haikatwi kwenye mshahara,
tunaitia wenyewe katika bati la biskuti zilizovunjika,
shilingi hamsini, shilingi ishirini,
na wiki nyingine ni kifuniko tu kinacholia.

Beji sijaivua.
Wakubwa wakipita huiangalia na kutabasamu,
nami huwarudishia tabasamu, kazi ni kazi.
Pini yake ni imara, haipindi.
Ndiyo inayoshika, upande wa ndani wa aproni,
fomu mpya yenye majina mawili.
La kwanza lina sahihi.
La pili ni la kijana wa tanuri, ameandika herufi zake zote vizuri,
halafu akanirudishia kalamu, akasema,
ngoja mama alipwe kodi ya mwezi huu.